Maneno hayatembei peke yake, shosti

Mwanza, Jumapili usiku

Mambo Rehema mwaya, za Dodoma na vumbi lake?

Meseji yako niliiona juzi nikiwa shifti ya usiku nikashindwa kujibu, afu nikasema haya mambo ya IELTS, huu mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo, hayaishi kwa meseji, bora nikae nikuandikie vizuri. Eti umepakua listi ya maneno elfu tatu, unaanza na "abandon" unashuka nayo kwa alfabeti! Nimecheka peke yangu wodini mana na mimi mwaka jana nilianza hivohivo, mpaka leo ya A nayajua kama sala, ukinigusa kwenye C hakuna kitu.

Nikuambie yaliyonikuta mara ya kwanza. Nilikariri maneno mazito mazito ya kumtisha msahihishaji, lile "plethora", yani wingi kupita kiasi, ndo nililipenda kuliko yote, basi kwenye insha ikawa plethora ya magari, plethora ya vijana, plethora ya kila kitu. Kuandika nikapata 5.5 na chuo kilikuwa kinataka 6 kila sehemu. Nusu bendi, ndo wanavyoziita maksi zao, Rehema, na hela ya ule mtihani unaijua. Nililia, nikakichukia Kiingereza chenyewe kama wiki mbili hivi, nilivyotulia nikasoma tena mazoezi yangu ya zamani nikaona aibu, yani neno nalijua ila sijui linatembea na nani.

We chukulia "kupiga" ya kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, hata kusoma tunapiga msuli na hakuna aliyeumia. Mgeni akija na kamusi inayomwambia piga ni "hit" kwisha habari yake. Sasa na wenyewe wana kupiga kwao, "make", "do", "take" na "get". Uamuzi ni "make a decision", homuweki ni "do", picha ni "take", mtihani nao "take". Mvua kubwa ni "heavy rain", na mvuta sigara sana naye eti ni "heavy smoker" hata awe mwembamba kama njiti. Usitafute sababu, meza wawili wawili hivohivo kama mtu na mke wake.

Afu kuna yale yanayotuponza sisi Waswahili tu. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, yote kwa sikio lilelile, siku moja nikamwambia daktari mgeni "the patient is hearing cold" akabaki ananitolea macho. Kuazima nako, mimi naazima kwako na wewe unaniazima, neno moja, wenzetu mimi ni "borrow" wewe ni "lend". Na vile tuna vifaa na taarifa tunawabandikia s, "equipments", "informations", wakati kwao hayo hayahesabiki kabisa, wala "advice" haina s hata ushauriwe na ukoo mzima. Hii makosa ya s mimi ilikuwa imejaa kwenye insha zangu kama dagaa kwenye ndoo, na hakuna mwalimu aliyewahi kunishtua tangu sekondari.

Sasa nilichofanya raundi ya pili. Nilikata manila kadi ndogondogo, mbele naandika sentensi ya Kiingereza nimeacha pengo, nyuma neno lenyewe pamoja na mwenzake. Boksi la viatu nikaligawa vyumba vitatu, kadi mpya kila siku, nikiipata inahamia chumba cha kila siku ya tatu, nikiipata tena inaenda cha wiki, nikikosa inarudi mwanzo bila huruma. Maneno kumi tu kwa siku, na sentensi lazima iwe ya maisha yangu. Mfano kwenye zile grafu za kuandika, "increase sharply", "decline", "fluctuate", "remain stable", niliyashika yote kwa dagaa wa soko la Mwaloni huku Mwanza. Si unajua wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawapati kitu, bei inapanda, giza likirudi inashuka, mwaka mzima ndo hiyo "fluctuate" yenyewe. Chumvi bei yake ileile, hiyo ndo "remain stable". Tangu hapo sijawahi kusahau, na mama anayeniuzia dagaa hajui kama amenifundisha Kiingereza.

Kingine shika neno na ukoo wake. Sisi tuna amua, uamuzi, mwamuzi, na wao "decide", "decision", "decisive", ukipata moja unaulizia ndugu zake palepale. Kwenye kuandika na kuongea msamiati ni robo nzima ya maksi, ila hawahesabu umetumia mangapi magumu, wanaangalia umeyatumia sawasawa.

Na spelingi jamani. Kile kipengele cha kusikiliza kina maswali 40, unasikia mara moja tu, na ukikosea herufi umekosa swali hata kama umelisikia vizuri. Sisi tumezoea kinachosomwa ndo kinachoandikwa, wao wanaficha herufi, "receipt" ina p haina kazi yoyote, "accommodation" ina c mbili na m mbili. Haya ya hivi usiyasome kwa macho, yaandike kwa mkono mpaka kidole kiote sugu.

Kuongea sikusumbui, mdomo unao tangu form one, ila ile dakika moja wanayokupa kujiandaa usiandike sentensi, andika maneno matano tu afu yafuate.

Kadi zangu nimezifunga kwenye mfuko wa khanga pamoja na boksi lake, zipo kama mia nne, baadhi zina madoa ya chai uvumilie. Nampa kondakta wa basi la Jumanne alfajiri, nauli ya mzigo nshalipa, jioni uwe karibu na simu akifika stendi atakupigia. Ile yenye "plethora" nimeiacha humohumo, ucheke ukiikuta.

Msalimie mama na huyo shemeji wa siri.

Wako,
Zai