Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kutafuta Wachezaji

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mdogo wako hajambo, mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kukaa kwenye usukani lakini namshukuru Mungu.

Jumanne uliponipigia kuniambia kwamba chuo kimekupa kazi ya kocha msaidizi wa mpira wa kikapu, na kwamba Julai unaanza kuzunguka kwenye mashindano ya vijana kutafuta wachezaji, nilikuwa barabarani nikakujibu kwa maneno mawili matatu. Mama yako akadhani sikufurahi. Nilifurahi mpaka koo likanikaba. Sasa nyumba imelala, nimekaa meza ya jikoni, nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema.

Miaka mitano iliyopita wewe ndiye uliyekuwa unatazamwa. Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani nyuma ya wanaotazama, na nimeyaona mambo ambayo wewe ukiwa uwanjani usingeweza kuyaona. Ndiyo maana naandika.

Nianze na lile ambalo hatukuwahi kulizungumza vizuri. Machi 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifunga milango kwa sababu ya korona. Makocha wa vyuo vya Daraja la Kwanza, lile la juu kabisa, hawakuruhusiwa kwenda kumtazama mchezaji yeyote ana kwa ana, na katazo lile liliongezwa mara kwa mara hadi mwisho wa Mei 2021. Kiangazi ambacho zamu yako ya kuonekana ilikuwa imefika kilipita ukidunda mpira kwenye maegesho ya magari ya nyumba zetu. Na juu ya hilo, wachezaji waliokuwa tayari vyuoni wakaongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Ninyi mliomaliza sekondari 2021 mkafika kwenye mlango ambao waliomo ndani hawajatoka.

Kisha akaja yule kocha, wa chuo ambacho sitakitaja. Kuanzia Oktoba alipiga simu kila Jumapili. Unakumbuka siku aliponiomba nisimame mbele ya kamera, karibu na fremu ya mlango, aone urefu wangu? Nikasimama. Akauliza na wajomba zako. Mama yako akaenda chumbani kutafuta picha ya kaka zake wa Tanga, akaileta, akaishika mbele ya simu kwa mikono miwili. Aprili 2021 NCAA ikapitisha kwamba mchezaji anaweza kuhama chuo, mara moja tu katika maisha yake ya chuo, bila kukaa nje msimu mzima. Simu ikakatika. Hakusema lolote, hakutuma hata mstari mmoja. Wewe ukawa unakula na simu pembeni ya sahani, Mei yote. Baadaye tukasikia kwamba amemchukua mtu wa miaka 22 kutoka chuo kingine.

Alikuwa na haki ya kumchagua huyo. Timu yake ilihitaji mtu wa kucheza msimu ule ule, na mwanamume wa miaka 22 amekwisha komaa mwili. Mimi dereva wa lori naelewa: mzigo unaotakiwa kesho huupakii kwenye gari ambalo bado linaundwa. Ila hakuwa na haki ya kukuacha unangoja. Kama angepiga Aprili akasema, «Kijana, nafasi imeenda,» ungelia usiku mmoja, asubuhi ungeanza kuwaandikia wengine. Ulipoteza miezi miwili, na vyuo vitatu vilivyokuwa vimekuulizia vikajaza nafasi zao.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hilo. Kama humtaki mtoto, mwambie mapema, na umwambie wewe mwenyewe. Hesabu inakulazimisha: wavulana zaidi ya 500,000 wanacheza mpira wa kikapu katika sekondari za Marekani, na katika kila mia ni kama watatu tu watakaocheza katika vyuo vya NCAA, madaraja yote matatu. Wa Daraja la Kwanza ni kama mmoja. Ukiitazama vizuri kazi uliyopewa, sehemu yake kubwa ni kusema hapana. Basi jifunze kuisema kama mtu aliyelelewa.

Sasa kuhusu macho yako.

Ukiingia kwenye kumbi zile kubwa zenye viwanja vinane, filimbi nane zikipigwa kwa pamoja, jicho litakimbilia kwa aliye mrefu. Urefu unaonekana ukiwa bado mlangoni. Nataka ukumbuke usiku wa tarehe 25 Juni 2009. Ulikuwa na miaka sita, ulilala mapajani mwangu. Watanzania tulikuwa tumejaa sebuleni mwa mtu hapa Houston, kwa sababu Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma sekondari hapa hapa Houston, pale Cypress Christian, alikuwa anangoja jina lake lisomwe usiku ambao timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Likasomwa la pili, na Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Watu wazima walilia, na mimi mmoja wao.

James Harden aliitwa wa tatu. Stephen Curry aliitwa wa saba. Wote wawili walikuja kuwa nyota wakubwa wa ligi hiyo.

Najua vijana wa siku hizi wanalichekea jambo hilo, na nakuomba usimruhusu mtu amcheke Thabeet mbele yako. Yeye hakumdanganya mtu. Alikuwa na futi 7 na inchi 3, na mwaka wake wa mwisho katika chuo cha Connecticut alizuia mipira zaidi ya minne kwa kila mchezo. Alichokuwa nacho alikionyesha chote. Waliokadiria kwamba yaliyobaki yatakuja yenyewe ni wale waliokaa na kalamu. Na huyo Curry, miaka mitatu kabla ya usiku ule, Virginia Tech, chuo alichochezea baba yake mzazi, hawakumpa ufadhili. Walimtaka aje kwanza bila ufadhili. Alikuwa mwembamba kama ufito. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina. Mkono mlaini hauonekani ukiwa mlangoni. Lazima ukae chini, utazame kwa muda, urudi tena siku ya pili.

Pia vipimo vyenyewe usiviamini kwenye karatasi. Karatasi za timu yenu ya kiangazi zilisema una futi 6 na inchi 5. Alama ya penseli kwenye mlango huu wa jikoni, ninaoutazama sasa hivi, inasema futi 6 na inchi 3 bila viatu. Mimi nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikugharimu. Sekondari ulicheza chini ya kikapu kwa sababu wenzako walikuwa wafupi kuliko wewe. Ulipofika chuo cha miaka miwili ukakuta mabeki wa pembeni wana urefu wako, na wewe ulikuwa hujafundishwa kumlinda mtu anayekimbia. Ukimtazama mtoto, jiulize huyu akija kwenu atamlinda nani. Ukikosa jibu, usimpe matumaini.

Na mchezo wenyewe si ule ule. Sekondari ni dakika 32, chuo ni 40. Mstari wa pointi tatu wa sekondari uko futi 19 na inchi 9. Wa chuo unakaribia futi 22 na inchi 2. Chuo kuna sekunde 30 za kurusha, wakati shuleni kwenu Texas hapakuwa na saa hiyo kabisa, na kocha wenu aliweza kuwaambia mpasiane dakika nzima. Mtoto anayeng'aa kwenye mchezo wa taratibu huenda akapotea kwenye ule wa haraka, na aliyekuwa anachoka kungoja shuleni huenda akachanua kwako. Kwa hiyo usihesabu mitupo ya pointi tatu ya wikendi moja. Akirusha 12 akaingiza 7, bado hujaona kitu. Tazama mitupo huru ya msimu mzima: mstari ni futi 15 kila mahali, hakuna anayemkaba, ni yeye na mkono wake. Tazama na ribaundi, ile mipira inayookotwa baada ya mtupo kukosa kikapu. Anayeutafuta mpira kwa njaa sekondari huwa na njaa hiyo hiyo chuoni. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alipokuwa chuo cha Kentucky msimu wa 2021–22 alivuna ribaundi 15 kwa mchezo na kutangazwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, na warukaji waliompita walikuwa wengi. Alikuwa anajua mpira utaangukia wapi, na anaamua ni wake.

Video za dakika tatu zenye muziki, usizitazame. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba mchezo mzima, tena ule waliofungwa.

Nyota wanazopewa watoto na wanaopanga orodha za vipaji, moja hadi tano, nazo zina matumizi yake, sikatai. Mwenye nyota tano mara nyingi ni mchezaji kweli. Lakini nyinyi wa Daraja la Pili hamtapata wa nyota tano. Chakula chenu kiko viwanja vya pembeni. Mwaka 2016 Ja Morant alikuwa kambini South Carolina, wamemweka kwenye uwanja wa nyuma wakicheza watatu kwa watatu, na hakuwamo kwenye orodha kubwa za majina. Kocha msaidizi wa chuo cha Murray State alikuwa ametoka kutafuta kitu cha kutafuna, akasikia mpira unadunda, akachungulia. Miaka mitatu baadaye kijana yule aliitwa wa pili NBA. Wewe usingoje njaa ikupeleke. Kila ukumbi unaoingia, anza na uwanja ambao hauna viti vya makocha.

Masomo usiyaache mwisho. Yale masomo 16 ya msingi ya sekondari ambayo NCAA inayadai, na wastani wa 2.3 kwa Daraja la Kwanza au 2.2 kwa Daraja la Pili, yaulize siku ya kwanza kabla hujamwambia mtoto kwamba unampenda. Unamkumbuka mwenzako yule wa mikono mirefu, aliyekuwa anakula kwetu kila Ijumaa. Hakuna mtu mzima aliyempekulia karatasi zake mpaka mwaka wa mwisho, na masomo manne yalikuwa hayapo. Mimi nilimlisha ugali na samaki miaka miwili na sikumuuliza. Hilo bado linaniuma.

Halafu waulize watu. Mzazi atakusifia mwanawe, ni haki yake, na kocha wa timu ya kiangazi ana lake analolitafuta. Muulize dereva wa basi la shule. Nakuambia kama dereva: yeye anajua nani anashuka bila kuaga, nani anaokota chupa za wenzake, na nani ananyamaza njia nzima wakishinda kwa sababu yeye hakufunga. Muulize na mama anayefagia ukumbi.

Na wazazi kama sisi, wenye Kiingereza cha kuungaunga, utakutana nao wengi. Watakaa nyuma. Hawatakufuata, wataona haya. Wafuate wewe. Ukimkuta mama ameshika picha ya kaka zake, mpokee picha hiyo, uitazame sawasawa, umuulize majina yao. Hata kama mtoto wake humchukui.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea ile kaunta buku yangu. Ulikuwa unaniona nayo kila mchezo, ukadhani naandika pointi zako. Upande wa kushoto ndiyo, ni pointi na ribaundi. Upande wa kulia niliandika yale ambayo hayapo kwenye ubao wa matokeo: ulirudi mara ngapi kukaba baada ya kukosa, ulimwinua nani aliyeanguka, benchi ulikaa vipi ukitolewa. Niliandika miaka mitatu. Makocha tisa walinipigia au kukaa karibu nami katika miaka hiyo, na hakuna aliyeniuliza kuna nini upande wa kulia. Nilikuwa nalisubiri swali hilo.

Ukija Houston Julai usilale hotelini, mama yako ameshafua mashuka ya chumba chako na ameniagiza viazi vya mbatata na nazi. Viwanja vya mashindano viko dakika 25 kutoka hapa, nitakupeleka mwenyewe siku ambazo sina safari.

Kwenye kaunta buku nimekunja pembe ya ukurasa mmoja, wa Julai 2019, mchezo wa Dallas. Mlifungwa kwa 20 na wewe ulipata pointi 4, ukalia kwenye gari mpaka Corsicana. Usome ule upande wa kulia, kisha nipigie Jumapili baada ya saa kumi. Nitakuwa nimeshaegesha.

Baba yako anayekupenda.