Kuku wa 9,000, mguu wa 15,000: tunalipisha nini hasa?

Sisi tunaotibu kuku tumeandikiwa tena WhatsApp: "Kuku nimemnunua 9,000, nyie kumtibu mguu mnataka 15,000. Huo ni wizi." Tujibu hapa hapa, maana swali hili haliishi.

Wengi wenu mnachukua kuku wa mayai waliomaliza msimu, mnawaachia uani badala ya kuwaacha waishie sufuriani. Hongereni. Ila kuku aliyetoka kwenye keji amezoea kukanyaga waya, na mifupa yake imeshanyonywa chokaa na mayai. Siku ya kwanza anaruka kutoka ukutani anatua kwenye zege, unyayo unachubuka, bakteria wanaingia. Baadaye unaona uvimbe na kigaga cheusi katikati ya unyayo.

Hapo ndipo wembe unapotoka. Jamani, wembe! Usaha wa kuku hautiririki kama wa mtu. Unaganda, unakuwa kokwa gumu lililojibana katikati ya kano za vidole. Mteja wetu mmoja alikata, akaminya, akafunga kipande cha kanga, akamrudisha kuku kwenye banda lililoloa. Alipotuletea, uvimbe umeshapanda juu ya kifundo. Kidole kimoja hakikuokoka, na bili ilizidi mara tatu ile aliyoikimbia.

Hiyo 15,000 si ya kukata tu. Tunaloweka mguu kwenye maji vuguvugu ya chumvi hadi kigaga kilainike, tunapiga ganzi, tunatoa kokwa taratibu, tunasafisha kwa iodini, tunafunga gozi na bandeji. Kisha unarudi kubadilishiwa bandeji bila kulipa tena, mpaka nyama mpya ijae. Uvimbe ukiwa mdogo na hauna joto, hatukati kabisa: mloweke mguu nyumbani, mwekee maranda makavu. Na ile OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) mnayomwaga kwenye maji ya kunywa haipenyi ndani ya kokwa. Mnachopata ni mayai yasiyofaa kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Magamba ya miguu yakiinuka, ni utitiri umejichimbia chini yake. Msipake mafuta ya taa wala oili chafu! Tumeletewa jogoo ngozi yote ya miguu imebanduka, na mwenyewe anashangaa. Paka vaselini nzito, rudia kila baada ya siku chache, na paka kuku wote wa banda, si huyo mmoja tu.

Kabla hujatupigia, mgeuze kuku, mtazame vidole. Nywele za rasta zilizofagiwa saluni na nyuzi za fundi cherehani humkaba mpaka kidole kiwe cheusi. Kuzikata hatulipishi.

Kuku mchanga akilala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, mtenge kwanza. Mara nyingi ni Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu: haina dawa, na chanjo yake hupigwa kifaranga akiwa wa siku moja. Tutakuja kumtazama, lakini chupa ya dawa ya kukupoza moyo hatukuuzii.

Fito za kulalia ziwe nene, laini, zisizo na misumari, na kwa kuku waliotoka kwenye keji zishushwe chini. Wanaotaka tukague banda tunakuja Jumamosi. Nauli ni juu yenu.