Reli za Zamani Zinavyomfaa Msafiri wa Baiskeli

Ndugu Mhariri,

Anayetazama ramani ya Derbyshire, Uingereza, hudhani kwamba vilima vyake havimfai mwendesha baiskeli aliyebeba mizigo, lakini reli zilizoachwa huko zimempa njia zisizo na magari, kwa kuwa treni za mvuke hazikuweza miinuko mikali na wajenzi walilazimika kutoboa mahandaki na kuinua madaraja marefu ili njia ibaki karibu tambarare. Monsal Trail, yenye kilomita 13 na ushei, hufuata reli iliyofungwa mwaka 1968, na mahandaki yake yalifunguliwa kwa umma mwaka 2011. Tissington Trail hutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, takriban kilomita 21, na hapo huungana na High Peak Trail. Hii ya mwisho si ya upole kote: kwenye miteremko mikali ya Middleton na Sheep Pasture mabehewa yalikuwa yakivutwa kwa mashine zilizosimama juu ya kilima, na mwenye mizigo mizito, kwa maoni yangu, afadhali ashuke akokote baiskeli.

Udhaifu ninaouona uko kwenye maungio. Msafiri anayetoka Monsal Trail karibu na Bakewell na kutaka kufuata bonde hadi Rowsley hurudi kukabiliana na malori, jambo linalowavunja moyo hasa wenye watoto. Fedha za njia hizi zingeanza kuziba mapengo ya namna hiyo kabla ya kuongeza vibao na mabenchi mahali ambapo njia tayari ni nzuri.

Msomaji wako