Kwako dada wa Brussels

Dada,

Baba alifariki mwezi wa pili na sikukwambia. Namba yako ninayo, bando lilikuwepo, matanga yote nimeshika simu na sikukwambia. Nakwambia hapa mbele za watu maana nikikuandikia pembeni nitafuta kama nilivyofuta zile zingine.

Moyoni mimi bado niko pale Rhodes, kile kisiwa cha Ugiriki alikotoka babu, tarehe 23 Julai, siku ya kuwakumbuka Wayahudi wa kisiwa waliopelekwa kuuawa. Asubuhi ulinimegea bureka yako, ile sambusa ya kuoka, ukaniambia kula mdogo wangu, njia ni ndefu. Saa mbili baadaye pale kwenye chemchemi ya farasi wa bahari yule mama mzee akakuuliza huyu nani, ukasema rafiki wa familia, ametoka Kongo.

Rafiki! Baba yangu na baba yako baba yao mmoja, kwetu Lubumbashi hata binamu hatusemi. Na mimi nimesimama na picha ya mashangazi, dada zake babu, nimeifunga kwenye kitenge toka nyumbani, ile babu aliiacha ukutani na bibi yangu akaipangusa kila Ijumaa mpaka anakufa, kwa sababu babu alipenda nyumba iwe safi kabla ya Sabato.

Sidharau msiba wenu. Msiba wetu. Wayahudi kama 1,700 walikusanywa na Wajerumani Julai 1944, wanawake wakaambiwa waje na vito vyao, wakapakiwa kwenye mashua mpaka Piraeus halafu treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji, waliopona kama 150 tu, na mashangazi wote watatu hawakurudi. Babu wakati huo yuko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, anauza vitambaa, anakwenda posta kuuliza barua hata vita vimeshaisha. Lakini babu huyohuyo, Julai 1960, alimpakia bibi yako na baba yako kwenye gari wakakimbilia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, baba yangu akabaki getini, mtoto wa miaka 12, ameambiwa ashike funguo za duka.

Mambo ya kwamba Uyahudi unapitia kwa mama nayajua, usinieleze tena. Sikuomba dini, niliomba uniite ndugu.

Waambie watoto wako mapema, dada, usingoje wasikie msibani. Mimi wangu nimewaambia, sio yote, nilikuwa nangoja baba apate nafuu, na yeye ndiye alinikataza kukupigia, alisema undugu hauombwi, kwa hiyo usiseme nina kiburi. Ningekupigia. Siku ya tatu ya matanga nilibonyeza kabisa, nikakata kabla haijaita.

Ila kuna kitu kimoja. Siku ile wewe ulisoma majina matatu, mimi nimeshika sura tatu, na hatukukaa chini tukalinganisha. Yule wa kushoto, mwenye kola nyeupe, amegeuka kidogo kama kuna mtu amemwita, ni nani? Baba alikuwa anamwita shangazi wa kushoto. Wiki ya mwisho aliniuliza tena, nikamwambia nitamuuliza dada.