Dereva naye yuko likizo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwatetee watu ambao Desemba hakuna anayewatetea: wale wanaoshika usukani familia inapoamua kula Krismasi barabarani, mbali na nyumbani. Tumezoea kuwaonya madereva, kuwalaumu na kuwahubiria. Sijaona mahali palipoulizwa kama nao wako likizo.

Safari yenyewe naiunga mkono. Wapo wanaoshikilia kwamba Krismasi ni ya nyumbani na anayeondoka ameikimbia. Wakitaka tubishane kwa Maandiko, wasome sura ya pili ya Injili ya Luka: Yusufu na Mariamu walikuwa safarini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, kwa sababu ya sensa, na walipofika hawakupata nafasi ya kulala. (Kwa wanaochelewa kuweka nafasi ya chumba, habari hiyo ingetosha.) Tena gari lina jambo ambalo sebule haina. Watu wa nyumba moja hukaa pamoja saa nyingi bila mlango wa kujifungia. Kijana ambaye mwaka mzima amekuwa akijibu kwa kuguna, gari likishika mwendo wake huanza kuzungumza, pengine kwa sababu wote mnatazama mbele na hakuna anayemkodolea macho. Mambo mazito mengi husemwa kwenye kiti cha nyuma.

Ila likizo hii ina mfanyakazi mmoja. Siku ya mwisho kabla ya mapumziko anatoka kazini amechoka, anapakia buti usiku kama fumbo la kupanga vipande, anaamka alfajiri kabla ya wengine, halafu anaendesha kutwa huku kila mtu akilala kwa zamu. Wakifika, wenzake wanaruka nje wamechangamka. Yeye akijinyoosha kidogo anaambiwa anaharibu sikukuu. Kesho yake kuna mahali pa kutembelea, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mwisho wa yote kuna kurudi.

Linganisha na anayelipwa kwa kazi hiyo hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, dereva wa lori akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku. Marekani, dereva wa lori la mizigo anaruhusiwa saa 11 za usukani, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo. Shehena ya saruji inalindwa na sheria. Watoto walioko kiti cha nyuma cha gari la familia wanalindwa na ubishi wa mzazi anayesema hajachoka.

Na huyo mzazi hawezi kuwa shahidi wa uchovu wake mwenyewe. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha watu walionyimwa usingizi na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, uwezo wa mtu ulikuwa umeshuka sawa na wa mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ndicho mwisho wa kuruhusiwa kuendesha. Hesabu hiyo ihamishie kwenye safari ya Krismasi. Mtu ameamka saa kumi na mbili asubuhi, ameenda kazini, amerudi, amepakia mizigo, na saa nne usiku ameondoka ili kukwepa foleni. Ikifika saa tano usiku, saa moja tu baada ya kutoka nyumbani, saa 17 zimetimia. Hajaonja hata tone, na mbele yake bado kuna usiku mzima.

Usiku huo ndio tunaousifu. Barabara ni tupu, watoto wamelala, injini haichemki. Yote ni kweli. Lakini mwili una saa yake, na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri unadai usingizi hata ukiubembeleza vipi. Alasiri nayo, saa nane hadi saa kumi hivi, kuna lepe jingine, dogo zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Anayepitiwa na usingizi kwa sekunde nne amesafiri zaidi ya mita 110 bila dereva, na mara nyingi hata hajui kwamba alilala. Anadhani alipepesa macho tu. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio kunampa hisia ya kuwa macho kwa muda mfupi, basi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Kahawa inywewe kabla ya kulala, kwa kuwa huhitaji kama nusu saa kabla ya kufanya kazi, hivyo mtu huamka nayo. Hata hivyo hiyo ni dawa ya kumfikisha kwenye kitanda kilicho karibu. Haimpi ruhusa ya kuendelea mpaka kuche.

Kwa nini hasimami? Hapa nitawakera baadhi ya wasomaji. Hasimami kwa sababu yetu. Abiria anauliza kila baada ya muda kumebaki kilomita ngapi. Jamaa waliobaki nyumbani wanapiga simu: mmefika wapi, mbona kimya, fulani alitoka baada yenu na ameshafika. Halafu kuna ile tabia ya kutangaza muda wa safari kama matokeo ya mashindano. "Tumetumia saa saba tu," mtu anasema kabla hata ya kusalimia, na wanaume wenzake wanatikisa kichwa kwa heshima. Sijawahi kusikia mtu akisifiwa kwa kutumia siku mbili. Tungekuwa na akili tungewasifu hao.

Tena muda wenyewe unaopiganiwa ni mdogo. Chukua kilomita 300. Kwa wastani wa 80 kwa saa ni saa tatu na dakika 45. Kwa wastani wa 100 ni saa tatu kamili. Umeokoa dakika 45, ikiwa kweli msimu wa sikukuu utakupa barabara ya kushikilia wastani huo. Bei yake ni kwamba gari lililo kwenye 100 lina nishati ya mwendo iliyozidi ile ya 80 kwa asilimia 56, kwa sababu nishati hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, na breki ndizo zinazotakiwa kuimaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Sidhani wengi wao walikuwa na haraka ya jambo lenye thamani ya dakika 45.

Napenda kuwakumbusha wasomaji safari ya Bertha Benz. Agosti 1888 alichukua gari alilobuni mumewe Karl, bila kumuaga, akaondoka Mannheim, Ujerumani, kwenda Pforzheim kumtembelea mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Inatajwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari, na ilikuwa safari ya familia: wanawe wawili, Richard na Eugen, walikuwa naye. Hawakukaa wakiuliza watafika lini. Kwenye miinuko walishuka wakasukuma. Mafuta yalinunuliwa kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, mrija wa mafuta ulipoziba mama aliuzibua kwa pini ya kofia, na breki zilipolika alimtafuta fundi viatu aziwekee ngozi. Walipofika jioni alimpelekea mumewe telegramu, akakaa siku kadhaa kwa mama yake ndipo akarudi. Kila aliyekuwa ndani ya gari lile alikuwa na kazi.

Hicho ndicho ninachokiomba. Anayekaa kiti cha mbele asilale. Yeye ndiye mwenye simu, mwenye ramani, mwenye kuwajibu jamaa na mwenye mamlaka ya kusema "simama" bila kubishiwa. Na mwenye leseni halali apewe usukani, bima ikimruhusu. Najua jambo hili linagusa fahari ya watu. Ziko nyumba ambamo mke huendesha gari mjini mwaka mzima, kwenye msongamano, mvua ikinyesha, lakini safari ya mbali ikifika anageuka abiria kwa sababu baba hawezi kuonekana ameketi kushoto au kulia kwa usukani, kutegemea nchi. Madereva wawili wanaopokezana kila baada ya saa mbili ni likizo kwa wote wawili.

Kuhusu Desemba 25 yenyewe, msimamo wangu ni mkali zaidi: gari lisiwashwe. Fikeni tarehe 24 kabla ya giza, au tarehe 23 mkiweza, na ufunguo uwekwe kabatini mpaka tarehe 26. Siku hiyo mafundi wengi hawako kazini, vituo vingi vya mafuta vimefunga au vina mhudumu mmoja, hospitali zina wafanyakazi wachache, na baadhi ya mnaopishana nao wamekunywa. Hakuna siku mbaya zaidi ya kupasukiwa tairi. (Tairi zipimwe upepo zikiwa za baridi, kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha gari lililopakia, kwenye magari mengi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Na mikanda ya nyuma ifungwe, pamoja na ya bibi anayesema inambana.)

Nitajibiwa kwamba likizo ni fupi na mahali panapotakiwa ni mbali. Basi pachaguliwe pa karibu. Umbali wa safari upangwe kwa kuangalia dereva anaweza kuendesha saa ngapi mchana akiwa amelala vya kutosha, kisha ramani ifuate. Familia nyingi hufanya kinyume: hutaja mahali kwanza, na mwili wa dereva ndio unaolazimishwa kutosha. Ningependa gazeti hili liandike kwamba mahali fulani ni mwendo wa siku mbili, na panapofaa kulala katikati patajwe kwa jina, badala ya saa za njiani zilizohesabiwa kana kwamba hakuna anayekwenda haja wala kusinzia.

Limebaki la kurudi, ambalo naona ndilo baya kuliko yote na halizungumzwi. Wakati wa kwenda kuna msisimko unaomweka mtu macho. Wakati wa kurudi pesa zimekwisha, watoto wana mafua, na dereva amelala vibaya kwenye vitanda vya ugenini. Juu ya hayo watu huibana likizo mpaka tone la mwisho, wakaondoka mchana wa siku ya mwisho na kuingia nyumbani usiku wa manane, ili asubuhi wawahi kazini. Likizo ikiisha Jumapili, rudini Jumamosi. Jumapili mizigo itolewe na waliokuwa wamelala njiani.

Wako,
Dereva wa familia