kexec isiachwe ivunje ulinzi wa Secure Boot

Mhariri,

Wasimamizi wa seva za Linux wanaipenda kexec kwa sababu inaokoa muda. Kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inayoendesha mashine hupakia kerneli mpya kwenye kumbukumbu, kisha huiachia usukani bila mashine kupitia UEFI (programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya mfumo), ambayo kwenye seva kubwa hula dakika kadhaa ikikagua vifaa. Lakini Secure Boot, ulinzi unaoruhusu kuwaka programu zenye sahihi inayoaminika pekee, nayo inaanzia huko huko. UEFI hukagua sahihi ya kidijitali ya shim, programu ndogo inayowaka kwanza, na kupitia shim hukaguliwa GRUB (kipakiaji cha kerneli) na kerneli. kexec inawaruka wote, hivyo mkaguzi pekee anayebaki ni kerneli inayoondoka. Isipokagua, mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu) anaweza kupandisha kerneli yoyote aliyojitengenezea, huku Secure Boot ikisomeka kuwa imewashwa.

Njia za kupakia ni mbili. Ya zamani, kexec_load, huipa kerneli vipande vya data vilivyokwisha kupangwa, kwa hiyo hakuna faili la kukaguliwa sahihi. kexec_file_load, iliyoingia katika toleo la 3.17 mwaka 2014, hupokea faili lenyewe. Hiyo ndiyo ya kutumia: `kexec -s -l`, kisha faili la kerneli, `--initrd=` (mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia) na `--reuse-cmdline` (inayorudia vigezo vya kuwashia vya sasa), halafu `systemctl kexec`. Likija jibu la "Required key not available", ufunguo uliosaini kerneli hiyo hautambuliwi. Usizime Secure Boot! Andikisha ufunguo kwa `mokutil --import`, kisha washa mashine upya kwa njia ya kawaida ili uuthibitishe kwenye skrini ya MokManager.

Panapoharibika zaidi ni kwenye vigezo vya kuwashia. Lockdown, hali ya kerneli inayomzuia hata root kuichezea, iliyoingia katika toleo la 5.4 mwaka 2019, haijiwashi kwa sababu tu Secure Boot ipo, isipokuwa kwa wasambazaji walioongeza utaratibu huo wenyewe. Kama kwako `lockdown=integrity` na `module.sig_enforce=1` vinatoka GRUB, na fundi akaandika vigezo kwa mkono kwenye `--append` akavisahau hivyo viwili, kerneli mpya itawaka vizuri bila kosa lolote, na ulinzi umekwisha ondoka. Ndiyo maana tunasisitiza `--reuse-cmdline`, na kila baada ya kexec kusoma `/sys/kernel/security/lockdown`: mabano yawe kwenye integrity au confidentiality, si none.

Kipo pia kigezo `kernel.kexec_load_disabled`, kinachozuia kexec kupakia kerneli. Kikiwekwa 1 hakirudi 0 hadi kerneli iwashwe upya, na kerneli iliyopakiwa kabla yake bado hutumika. Ila ukikiweka kwenye `/etc/sysctl.d` husomwa mapema mno, na kdump (huduma inayohifadhi kumbukumbu kerneli ikianguka) hushindwa kupakia kerneli yake ya dharura. Kiwekwe na huduma inayoanza baada ya kdump.

Hata hayo yote yakifuatwa, initrd haikaguliwi sahihi, na vipimo vya kuwaka vilivyohifadhiwa kwenye TPM (chipu ya usalama) havifutwi na kexec, hivyo vinaendelea kuieleza kerneli ya awali. Programu ya UEFI, shim au orodha ya funguo zilizobatilishwa ikisasishwa, hakuna njia ya mkato: mashine iwashwe upya kikamilifu.

Tunaziomba taasisi zinazokabidhi seva zao kwa wakandarasi ziandike kwenye mkataba kwamba hali ya lockdown isomwe na kurekodiwa kila kexec inapotumika.

Wasimamizi wa mifumo,
Dar es Salaam