David Gilly na boriti za Mji wa Kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimzungumzie David Gilly, afisa wa majengo wa serikali ya Prussia (dola ya Kijerumani ya zamani), aliyezaliwa Schwedt mwaka 1748 na kufariki Berlin mwaka 1808.

Vyeo vyake navipitia haraka: alianzia jimbo la Pomerania, akawa mkurugenzi wa majengo huko, na mwaka 1788 akaitwa Berlin. Kinachonivuta mimi, niliyekula jasho la useremala Mji wa Kale wa Mombasa, ni jinsi alivyopambana na uhaba wa mbao. Magogo marefu yalipoadimika, alifufua ufundi wa Philibert de l'Orme, Mfaransa wa karne ya 16: vipande vifupi vya mbao vinapigiliwa misumari tabaka kwa tabaka, kila kiungo cha tabaka moja kikifunikwa na mbao nzima ya tabaka la pili, mpaka linapatikana tao linalobeba paa pana bila nguzo katikati. Kwa kuta alihimiza udongo. Hata alipojenga kasri la Paretz mwaka 1797, inasimuliwa kwamba mwenye kasri, aliyetawala baadaye kama mfalme Friedrich Wilhelm III, alimtaka ajenge kana kwamba anamjengea bwana shamba maskini.

Sisi uhaba huo tuliumaliza kwa njia nyingine. Boriti ya mkoko haivuki mbali, basi chumba kikafanywa chembamba na kirefu, na ukuta wa matumbawe ukanenepeshwa. Sioni kwamba babu zetu walizidiwa akili. Walizidiwa kalamu tu. Gilly alifungua shule ya ujenzi Stettin mwaka 1783, akaandika kitabu cha ujenzi wa mashambani, akahariri jarida la ujenzi, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo cha ujenzi cha Berlin mwaka 1799, alikosoma msanifu majengo mashuhuri Karl Friedrich Schinkel. Mwashi aliyenifunza kazi aliijua chokaa iliyoiva kwa kuisugua baina ya vidole viwili, na elimu hiyo amezikwa nayo. Baadaye nyumba ya marehemu shangazi yangu ilipigwa lipu ya saruji juu ya matumbawe. Unyevu ukakosa pa kutokea, na lipu ikabanduka vipande vipande.

Ninalo daftari la vipimo vya boriti na dari nilizozikarabati. Akitokea mhariri au mwalimu wa ufundi anayelitaka, nitalileta mwenyewe.

Seremala mstaafu,
Kibokoni, Mombasa